Walter Cronkite na Ustadi wa Kungoja

Ni vigumu kumtaja mtu maarufu wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kuzushiwa kifo. Waziri mstaafu, mwimbaji wa taarabu, beki wa zamani wa timu ya taifa: mmoja baada ya mwingine hupigiwa simu na jamaa wanaolia, kisha hulazimika kujitokeza mbele ya kamera aseme yu hai, mzima wa afya, na anawashukuru waliokwisha kuanza kuchanga rambirambi. Mara nyingi uzushi huo huishia kwenye simu za watu. Lakini mara mojamoja hupenya hadi studioni, ukafika mikononi mwa mtu anayelipwa ili auzuie, naye akaupitisha kwa kuhofu kwamba kituo cha jirani kitamtangulia.

Kwa sababu hiyo nataka kumsifu mtangazaji mmoja kwa jambo moja tu. Walter Cronkite alisoma taarifa ya habari ya jioni ya CBS, Marekani, kuanzia 1962 hadi 1981. Wengi humkumbuka kwa masharubu yake, sauti yake nzito na ule utulivu uliowafanya watazamaji wamwite mjomba wao. Kura ya maoni ya 1972 iliyompima pamoja na wanasiasa wa nchi hiyo ilionyesha kwamba yeye ndiye aliyeaminiwa kuliko wote. Sifa hizo ni za haki, ila zinaficha kazi yenyewe. Cronkite aliweza kukaa mbele ya mamilioni ya watu, neno zito likiwa ulimini mwake, asilitamke hadi alipojua limetoka kwa nani na linastahili kuaminiwa kiasi gani. Huo ni ufundi. Hakuzaliwa nao, aliusomea kazini, na somo la kwanza lilimponza.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1916 mjini St. Joseph, jimbo la Missouri, mtoto wa daktari wa meno, akakulia Kansas City na Houston. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, lakini kazi ya magazeti ilikwisha kumnogea, na mwaka 1935 akaacha masomo bila shahada. Mwaka uliofuata alipata kibarua katika redio ndogo ya Kansas City iliyoitwa KCMO, akitangaza kwa jina la Walter Wilcox.

Moja ya kazi zake pale ilikuwa kutangaza mechi za mpira wa Kimarekani ambazo hakuziona. Telegrafu ilileta maneno machache makavu: nani kabeba mpira, kakimbia yadi ngapi, kaangushwa na nani. Mengine yote yaliachiwa mtangazaji aliyejifungia studioni. Yeye ndiye aliyeleta shangwe za jukwaani, upepo wa uwanjani na mchezaji anayejikung'uta vumbi. Hiyo ilikuwa desturi ya redio za wakati ule, na wasikilizaji waliifurahia. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mwandishi mwangalifu ni mtu asiye na ubunifu. Cronkite alijua kutia chumvi. Aliwahi kulipwa kwa kutia chumvi. Alijua kutoka ndani jinsi maneno matano yanavyoweza kujengewa uwanja mzima wenye watu, na ndiyo maana baadaye aliogopa sana maneno matano.

Redio hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, A Reporter's Life, kilichotoka 1996. Siku moja meneja wake alimjia mbio. Mke wa meneja alikuwa amepiga simu kusema jengo la halmashauri ya jiji linaungua, na wazima moto watatu wamekufa. Meneja akamtaka Cronkite aingie hewani mara moja. Cronkite akashika simu awaulize zimamoto kwanza. Meneja akaona anapotezewa wakati, kwani taarifa ya mke wake ilimtosha. Akakitwaa kipaza sauti na kutangaza mwenyewe. Kumbe moto ulikuwa mdogo na hakuna aliyekufa. Aliyepoteza kazi baada ya hapo ni yule aliyekuwa kwenye simu akiuliza.

Wengi wangetoka pale wamejifunza kwamba ukitaka kudumu kazini, msomee bosi anachotaka. Yeye alikwenda mahali ambapo kuuliza kwanza kulikuwa sharti la ajira. Mwaka 1937 alijiunga na shirika la habari la United Press. Machi mwaka huohuo gesi ililipua shule katika mji wa New London, Texas, ikaua watu karibu 300, wengi wao watoto, na Cronkite alikuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo kufika. Kisha ikaja vita. Tarehe 26 Februari 1943 alipanda ndege ya mabomu aina ya B-17 iliyokwenda kuushambulia mji wa Wilhelmshaven, Ujerumani. Kati ya waandishi walioruka siku hiyo, mmoja, Robert Post wa New York Times, hakurudi. Baada ya vita alihudhuria kesi za Nuremberg, halafu akaongoza ofisi ya United Press mjini Moscow.

Shirika la habari ni shule ya aina yake. Mwandishi wa gazeti akikosea, kosa ni la gazeti lake. Mwandishi wa shirika akikosea, kosa linachapwa katika mamia ya magazeti kabla ya chakula cha mchana, na sahihisho litakalofuata halitalifikia hata nusu ya njia. Kwa hiyo kila sentensi hutakiwa kubeba cheti chake: nani kasema, amesema akiwa wapi, alijuaje. Wakati huohuo shirika lina pupa kuliko chombo kingine chochote, maana washindani hupimana kwa dakika. Mtu aliyekaa humo miaka zaidi ya 10 huzoea kuishi na mambo mawili yanayovutana, awe wa kwanza na awe sahihi, na hujua la kuliacha yanapogongana. Edward R. Murrow, nguli wa CBS, alimwita wakati wa vita ajiunge naye, Cronkite akakataa. Alikubali kuingia CBS mwaka 1950 tu. Televisheni ilimpokea akiwa na uso wa mtangazaji na mkono wa mwandishi wa shirika.

Alipokabidhiwa taarifa ya jioni, tarehe 16 Aprili 1962, ilikuwa ya dakika 15. Tarehe 2 Septemba 1963 ikaongezwa kuwa nusu saa, na katika toleo hilo la kwanza alionyesha mahojiano yake na Rais John F. Kennedy yaliyofanyika Hyannis Port. Cronkite hakutaka kuwa msomaji wa karatasi zilizoandikwa na wengine. Alichukua pia cheo cha mhariri wa taarifa, na meza yake ikawekwa ndani ya chumba cha habari chenyewe, mashine zikigonga nyuma yake na watu wakipita na karatasi. Tena hakujidanganya kuhusu ukubwa wa kazi yake. Alipenda kukumbusha kwamba maneno yote ya taarifa ya nusu saa hayatoshi kujaza ukurasa wa mbele wa gazeti.

Kisha kuna mwendo wake wa kusoma. Alijizoeza kusoma maneno kama 124 kwa dakika, ilhali Mmarekani wa kawaida huzungumza maneno kama 165. Alisoma kama mwalimu anayetoa imla, kila neno likipewa nafasi ya kuandikwa. Watu husema alifanya hivyo ili aeleweke, na ni kweli. Lakini ukimsikiliza kwa makini utagundua faida ya pili. Mtangazaji akikimbia, maneno ya kwanza kumezwa ni yale madogo: "inasemekana", "kwa mujibu wa", "haijathibitishwa". Majina makubwa na idadi ya maiti hayamezwi kamwe. Kwa hiyo habari iliyoandikwa kwa tahadhari studioni huweza kumfikia msikilizaji jikoni ikiwa imevuliwa tahadhari yote. Mwendo wa Cronkite uliyapa maneno madogo uzito sawa na makubwa. Mwendo wake wa polepole ulikuwa njia ya kusema kweli.

Haya yote yalipimwa tarehe 22 Novemba 1963, siku ya Ijumaa.

Rais Kennedy alipigwa risasi mjini Dallas saa sita na nusu mchana kwa saa za huko, sawa na saa saba na nusu mjini New York. Dakika chache tu baadaye Merriman Smith wa UPI, shirika lilelile lililomlea Cronkite, alituma taarifa ya kwanza kwa simu iliyokuwa ndani ya gari la waandishi, huku mwenzake wa shirika shindani akigombania simu hiyo bila mafanikio. Saa saba na dakika 40, CBS ilikatiza tamthilia ya As the World Turns. Watazamaji hawakuona uso wa mtu. Kamera za zamani zilihitaji kama dakika 20 kupata moto, na hakuna iliyokuwa tayari. Waliona maandishi na kusikia sauti ya Cronkite ikisema kwamba risasi tatu zimefyatuliwa kwenye msafara wa rais, na kwamba ripoti za kwanza zinasema rais amejeruhiwa vibaya. Baada ya siku hiyo CBS ilihakikisha kamera moja inakuwa tayari wakati wote.

Saa nane kamera ilipowaka, alionekana bila koti, amevaa shati jeupe na tai, amekaa mezani pake. Zilizofuata ni dakika 38 ambazo naamini kila mwanafunzi wa utangazaji angepaswa kuzijua kwa moyo.

Habari zilimjia kwa vipande. Mapadri wameingia hospitalini. Damu imeletwa. Eddie Barker wa KRLD, kituo cha Dallas kilichoshirikiana na CBS, alikuwa ameambiwa na mtu wa hospitali kwamba rais amekufa, akasema hivyo hewani. Kisha ikaja ya Dan Rather, mwandishi wa CBS yenyewe aliyekuwa Dallas: naye anasema rais amekufa. Redio ya CBS ikaamua kwamba hiyo inatosha, ikatangaza kifo. Fikiria mtu anayekaa kwenye kiti kile. Mwandishi wa nyumbani amesema. Redio ya nyumbani imesema. Moyo wake mwenyewe bila shaka ulikuwa umekwisha kusema. Alikuwa na kila kisingizio ambacho mtangazaji angeweza kukihitaji.

Alichofanya ni hiki: aliwaeleza watazamaji kwamba Dan Rather, mwandishi wetu, ameripoti kwamba rais amefariki. Akaongeza kwamba hakuna uthibitisho rasmi. Kisha akarudia kwamba hiyo ni ripoti ya mwandishi wetu aliyeko Dallas. Hapa ndipo watu humwelewa vibaya. Kungoja kwa Cronkite hakukuwa kunyamaza. Hakuwaficha watu kilichokuwa mezani. Aliwapa kila kipande kikiwa na kipimo chake, hiki cha mapadri, hiki cha Barker, hiki cha Rather, ili mtazamaji naye aweze kupima. Neno moja tu alilishikilia. Hakusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba rais amekufa.

Mjini Dallas, Malcolm Kilduff wa Ikulu alisimama mbele ya waandishi hospitalini akatoa tangazo. Dakika chache baadaye karatasi ikamfikia Cronkite. Alivaa miwani, akaisoma. Alisema kwamba kutoka Dallas, Texas, taarifa hii ya dharura, inayoonekana kuwa rasmi: Rais Kennedy amefariki saa saba mchana kwa saa za huko. Akavua miwani, akatazama saa ya ukutani, akamalizia kwamba hiyo ni saa nane kwa saa za mashariki, dakika kama 38 zilizopita.

Itazame sentensi hiyo ilivyoundwa. Kwanza mahali ilikotoka. Pili hadhi yake, na angalia kwamba hata wakati huo, karatasi ikiwa mkononi, bado alibakiza "inayoonekana kuwa". Hakuwa amemsikia Kilduff kwa masikio yake. Alikuwa na karatasi inayoonekana kubeba maneno ya mkubwa, na alisema hivyo hivyo. Tatu, tukio lenyewe kwa neno la wazi, bila kupindapinda. Nne, saa ya mahali jambo lilipotokea. Tano, hesabu ya saa kwa mtu anayemsikiliza. Watu huikumbuka ile miwani iliyovuliwa na koo lililomkauka, na hawakosei, kwani hapo mtu alionekana ndani ya mtangazaji. Ila mimi hushangazwa zaidi na hesabu. Mtu aliyekuwa karibu kulia aligeuza saa za Dallas kuwa saa za mashariki, akatoa, akapata 38, na hakukosea.

Kisha, baada ya kumeza mate na kuvaa miwani tena, akaendelea. Makamu wa Rais Johnson ameondoka hospitalini, lakini hatujui ameelekea wapi. Huenda ataapishwa muda si mrefu. "Hatujui" na "huenda" katika pumzi ileile iliyotangaza msiba wa taifa. Huo ndio ushahidi kwamba kwa Cronkite tahadhari haikuwa vazi la kuvaa siku za kawaida na kulivua moyo unapojaa. Ilikuwa imekwisha kuwa namna yake ya kusema.

Alipopokewa kiti na kwenda ofisini kwake, alisimulia, simu iliita. Mama mmoja alikuwa analalamika kwamba ni aibu CBS kumweka hewani huyo Cronkite anayejiliza, ilhali anajulikana alimchukia Kennedy. Cronkite akamwambia kwamba anayezungumza naye ni huyo Cronkite, na kwamba mama huyo ni mpumbavu, tena kwa neno kali kuliko hilo. Subira yake ilikuwa na mipaka, lakini haikuishia hewani.

Miaka zaidi ya tisa baadaye, tarehe 22 Januari 1973, ustadi uleule ulionekana kwa sura nyingine. Taarifa ya jioni ilikuwa inaendelea. Picha iliporudi mezani, watazamaji walimwona Cronkite ameshika mkono wa simu sikioni, anasikiliza. Akawaeleza anayezungumza naye ni Tom Johnson, aliyekuwa msaidizi wa habari wa Lyndon Johnson, na kwamba anamwarifu kuwa rais huyo wa zamani amefariki. Akaendelea kusikiliza na kuwapa watu maelezo kadiri alivyoyapata, simu ingali mkononi.

Mtayarishaji mwingine angesema hiyo ni fedheha, mtangazaji kuzungumza na simu watu wakitazama. Kwangu mimi ni moja ya nyakati bora kabisa za televisheni. Kwa kawaida uthibitisho hufanyika nyuma ya pazia, na mtazamaji huombwa auamini tu. Jioni ile aliuona kwa macho. Aliona kwamba habari ina mtu upande wa pili wa waya, kwamba mtu huyo ana jina, kwamba yuko karibu na marehemu, na kwamba mtangazaji alimsikiliza kwanza ndipo akafungua kinywa. Yule kijana wa Kansas City aliyenyimwa nafasi ya kumaliza kupiga simu yake sasa aliipiga mbele ya taifa zima, na hakuna meneja aliyemkatiza.

Mtu anayepima maneno hivyo huwa na uzito wa pekee siku anapoamua kutoa maoni yake. Baada ya mashambulizi ya Tet katika vita ya Vietnam mwanzoni mwa 1968, Cronkite alikwenda huko mwenyewe, na tarehe 27 Februari akatoa kipindi maalumu. Mwishoni alisema wazi kwamba sasa anatoa mawazo yake binafsi, kisha akasema kwamba vita imekwama na kwamba njia ya busara ni mazungumzo. Alichora mstari, akauonyesha, ndipo akauvuka. Hata kauli yake ya kufungia kila jioni, ile ya kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo, aliiacha siku alizomaliza kwa maoni, maana maoni sivyo mambo yalivyo. Kauli hiyo haikumpendeza kila mtu. Mkuu wake, Richard Salant, aliichukia tangu mwanzo, na nadhani alikuwa na hoja: hakuna taarifa ya dakika 20 na kitu inayoweza kudai imeueleza ulimwengu.

Kuhusu kipindi hicho cha Vietnam ipo hadithi mashuhuri sana. Husemwa kwamba Rais Johnson alikitazama, akazima televisheni, akawaambia wasaidizi wake kwamba akimpoteza Cronkite amewapoteza wananchi wa kawaida. Hadithi inapendeza na imo katika vitabu vingi. Wanahistoria walioichunguza wanasema usiku ule Johnson alikuwa Austin, Texas, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya Gavana John Connally, na hakukitazama kipindi kilipokuwa hewani. Maneno yenyewe hunukuliwa kwa namna nyingi tofauti. Sifa kubwa kuliko zote alizopewa mtu wa uthibitisho ni habari ambayo pengine yeye mwenyewe asingeipitisha.

Tarehe 20 Julai 1969 alionyesha upande mwingine wa kujizuia. Alikuwa amesoma miongozo ya vyombo vya anga kama mwanafunzi wa mtihani, na katika safari ya Apollo 11 alikaa hewani saa 27 kati ya 30 za matangazo. Chombo kilipotua mwezini, akavua miwani, akatikisa kichwa, akasugua viganja, akamwomba mwenzake Wally Schirra, mwanaanga, aseme neno kwa sababu yeye limemkosa. Mtangazaji dhaifu huogopa ukimya na huujaza chochote. Cronkite aliwaachia nafasi wanaanga wasikike, kwa kuwa siku ile wao ndio waliokuwa na habari.

Wapo watakaosema mambo haya yaliwezekana zamani, televisheni za Marekani zilipokuwa tatu tu, na kwamba leo mtangazaji anayengoja dakika 15 atakuta habari imekwisha kupoa. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli leo washindani hawahesabiki. Lakini turudi kwenye ile Ijumaa. Cronkite alishindana na NBC, alishindana na ABC, na alikuwa amekwisha kupitwa na redio ya kampuni yake mwenyewe. Shinikizo lilikuwa kamili. Tena Barker na Rather walikuwa sahihi, rais alikuwa amekufa kweli. Angelisema neno lile mapema asingeumbuka. Hapo ndipo penye kipimo halisi cha ufundi huu: kuthibitisha hata pale ambapo bahati ingekusitiri, kwa sababu siku nyingine, katika jengo jingine la halmashauri, haitakusitiri. Na baada ya yote, hakuna Mmarekani anayekumbuka nani alitangulia kwa dakika zile. Wanamkumbuka aliyengoja.

Alistaafu kiti hicho tarehe 6 Machi 1981, akamwachia Dan Rather, na alifariki New York tarehe 17 Julai 2009 akiwa na miaka 92.

Picha za siku hizo zipo mtandaoni, na kijana anayetaka kazi hii azitafute. Asihangaike kuiga sauti wala miwani. Aandike kila mahali Cronkite aliposema "ripoti za kwanza", "hakuna uthibitisho", "inaonekana", "huenda" na "hatujui", kisha ajiulize lini mara ya mwisho alisikia "hatujui" katika taarifa ya saa mbili usiku. Na mhariri wa zamu, kwa upande wake, siku atakapomwona mtangazaji wake amekataa kuingia hewani mpaka amalize kupiga simu, asimfukuze. Ampandishe cheo.